Andermatt: mbona hamkuitaja kura ya wanakijiji?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu Andermatt, kijiji cha milimani Uswisi ambako mwekezaji kutoka Misri, Samih Sawiris, amejenga hoteli, nyumba za mapumziko na uwanja wa gofu. Mwandishi wenu ameusifu mtaji wake, na ni mtaji mkubwa kweli. Ila ameruka jambo ambalo sisi wasomaji tulilihitaji zaidi: wenyeji waliulizwa.

Andermatt iko mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari. Zamani msafiri aliyevuka mlima kwa njia ya Gotthard alipita hapo, akala na kulala. Mwaka 1882 reli ikapitishwa kwenye handaki chini ya kijiji, wageni wakawa wanapita bila hata kukiona. Jeshi la Uswisi ndilo lililookoa jahazi. Kambi zake zililisha familia kwa miongo mingi. Vita Baridi vilipokwisha, jeshi nalo likaanza kufungasha, na vijana wakaondoka kutafuta kazi mabondeni.

Hapo ndipo alipoingia Sawiris, ambaye alikwisha kujenga mji wa El Gouna kando ya Bahari ya Shamu. Uswisi ina sheria inayombana mgeni asinunue nyumba za mapumziko kiholela, na mwaka 2006 serikali ya shirikisho ikauondoa mradi wake katika sheria hiyo. Sipendi sheria ikilegezwa kwa ajili ya tajiri mmoja. Lakini Machi 2007 wanakijiji walipigia kura mpango wa matumizi ya ardhi yao, na asilimia 96 wakaukubali. Walikuwa wameoneshwa michoro na kuelezwa, na walijua wana uwezo wa kukataa. Kura hiyo naiheshimu kuliko hoteli ya Chedi iliyofunguliwa mwaka 2013, pamoja na uzuri wake wote.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 2018 magari ya nyaya yaliunganisha miteremko ya kuteleza kwenye theluji ya Andermatt na ya kijiji jirani cha Sedrun, na mwaka 2022 kampuni ya Marekani, Vail Resorts, ikanunua asilimia 55 ya kampuni inayoendesha magari hayo na miteremko. Mwenye sauti kubwa juu ya mlima huo sasa yuko Colorado. Waliosema ndiyo mwaka 2007 walimkubali mtu waliyemwona na kumhoji. Huyu wa pili hawakumpigia kura.

Na theluji yenyewe haina dhamana. Naishi Zurich, na nilipanda Gemsstock, kilele kilicho juu ya Andermatt, wakati wa kiangazi. Karibu na kituo cha juu, mita 2,900 na ushee, nilikuta barafu imefunikwa vitambaa vyeupe, vipande vimeunganishwa kama shuka, maji yenye changarawe yakichuruzika pembeni. Utaratibu huo ulianza mwaka 2005 ili barafu isiyeyuke, watelezaji waweze kutoka kituoni hadi mteremkoni majira ya baridi yakirudi. Niliumia moyoni kuiona. Mwekezaji mambo yakiharibika atauza hisa zake; mwanakijiji atabaki na majengo.

Naandika haya kwa sababu tangu mwaka 2019 Tanzania tumekuwa tukisikia habari za kuweka magari ya nyaya Mlima Kilimanjaro, na wapagazi wameeleza wazi hofu yao ya kupoteza kazi. Wapo watakaoitaja Andermatt kama ushahidi kwamba milima inalipa. Wakiitaja, waitaje yote. Kabla mkataba wowote haujasainiwa, watu wa Marangu na Machame, pamoja na wapagazi, waoneshwe michoro na wawe na haki ya kusema hapana. Na mkataba uandikwe kwamba mwekezaji akitaka kuuza kwa mwingine, wenyeji wataulizwa upya.

Msomaji wenu,
Zurich, Uswisi