Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuambia kwamba mwamba wetu ni imara

Kilifi, Juni 2024

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka upande wa kusini wa Mida. Nimekuandikia mara mbili kupitia ofisi ya chifu, na kwa kuwa sikupata jibu, naamini utaniwia radhi kwa kuandika mara ya tatu mbele ya kadamnasi.

Utakumbuka baraza la Januari chini ya mwembe, ulipopigiwa makofi kwa kusema kwamba kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kilichopendekezwa Uyombo kitasimama juu ya mwamba imara, na kwamba suala la taka zake lisitukoseshe usingizi. Uliahidi kwamba ripoti ya uchunguzi wa miamba na maji ya chini ya ardhi ingetufikia, kwa Kiswahili, kabla ya Pasaka. Pasaka imepita, Idi imepita, na masika nayo yanaaga.

Badala ya ripoti ulikuja mtambo wa kuchimba. Wiki tatu zilizopita watu wasiojitambulisha walitoboa shimo hatua kama mia mbili kutoka kisima changu, wakakaa siku nne, wakaondoka na masanduku ya vipande vya mawe. Tangu hapo maji yangu yana chumvi, tena katika msimu ambao mvua huyafanya matamu kuliko wakati wowote wa mwaka. Sisemi kwa hakika kwamba shimo lile ndilo lililoifungulia bahari njia. Huenda ni bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huenda ni hoteli zinazovuta maji kwa pampu usiku na mchana. Ninachojua ni kwamba binti yangu hubeba madumu kabla ya kwenda shule, mchicha wangu umeungua majani, na mke wangu ananiuliza mimi maswali ambayo ungepaswa kuulizwa wewe.

Mheshimiwa, mwamba unaousifu ni matumbawe ya kale. Yeyote aliyechimba choo huku anajua kwamba una nyufa na mapango, kwamba maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari, na kwamba maji matamu tunayokunywa yameelea tu juu ya maji ya chumvi. Wataalamu hukadiria kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi chini yake, kwa hiyo ukipunguza kidogo juu, chumvi hupanda sana kutoka chini. Sumu ikimwagika juu ya jiwe la namna hii haitangoja kibali ili ifike visimani na kwenye mikoko.

Na taka hizo hazina haraka ya kuondoka. Fueli iliyokwisha kutumika hukaa kwanza miaka kadhaa katika mabwawa ya maji palepale kinuni, na baada ya hapo hata mataifa tajiri yamehangaika. Marekani ilichimba handaki la karibu kilomita 8 ndani ya mlima wa Yucca Mountain, katika jangwa la Nevada, ili kuchunguza kama taka hizo zingeweza kuzikwa humo, na humo watafiti wakaripoti klorini-36, aina ya klorini yenye mionzi, iliyotokana na majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950, ishara kwamba mvua ilikuwa imepenya mwamba ule mkavu kwa muda usiofika miaka 50. Matokeo hayo yalibishaniwa, lakini yalibishaniwa hadharani. Ujerumani iliweka mapipa yapatayo 126,000 ya taka za mionzi katika mgodi wa chumvi wa Asse kati ya 1967 na 1978. Maji yakaingia, na sasa wanapanga kuyatoa mapipa hayo kwa gharama kubwa. Sisi tumetobolewa shimo moja kwa siku nne.

Wengine watakuandikia kuhusu ardhi na fidia. Mimi naomba ripoti. Tuambieni shimo lile lina kina gani, lilikuta mapango mangapi, na maji yanaelekea wapi. Achimbiwe visima vya uchunguzi anayeishi hapa, vipimwe masika na kiangazi, wakati wa bamvua na wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, nasi tuone vipimo. Kama ripoti ipo, ilete. Kama haipo, rudi chini ya mwembe uleule useme kwamba haipo, makofi sikuahidi.

Wako mtiifu, ambaye bado ana kisima lakini hana maji,

Mkazi wa Mida