Manyoya ya paka yakififia, angalia sahani yake kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi wakiona paka ana mba na manyoya yananyonyoka wanakimbilia shampuu, kumbe shida inaweza kuwa kwenye chakula. Paka ni mla nyama hasa, manyoya yake karibu yote ni protini, alafu kuna mafuta yanaitwa asidi ya arakidoniki mwili wake hauwezi kuyatengeneza ya kutosha kutoka mafuta ya mimea, lazima ayapate kwenye nyama, sasa ukimpa wanga mtupu kila siku atang'aa vipi jamani? Na akijikuna sana kichwani na shingoni inaweza kuwa aleji ya chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo ambadilishie chakula kama wiki 8 hivi bila kuonja kitu kingine, hapo ndo utajua. Ila maini yasizidi, vitamini A nyingi inamharibu mifupa.