Ureno walibaki na mvinyo, sisi tubaki na magunia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya uchumi, aliyeandika kwamba wakulima na wakamuaji wa alizeti wa kanda ya kati wanapolilia ushuru kwenye mafuta ya kutoka nje wanataka kulindwa ili waendelee kulala. Hoja yake ni kwamba kila nchi izalishe kile inachokiweza kwa nafuu zaidi, kingine inunue kwa wenzake. Na kwamba nchi maskini hazijaonewa na mtu, zimechelewa tu; zikizipita hatua walizozipita wengine, nazo zitafika. Mimi nilifundisha somo la Uchumi sekondari hadi nilipostaafu, na sasa nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, nalisema mapema. Lakini na hoja ninayo.

Nianze na Ureno, maana ndiyo aliyoitolea mfano. Mfano huo ni wa mchumi Mwingereza David Ricardo, wa mwaka 1817, na kila mwanafunzi wa Uchumi ameukariri. Ureno ilihitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo, na watu 90 kutengeneza kiasi fulani cha kitambaa. Uingereza ilihitaji watu 120 kwa mvinyo uleule na watu 100 kwa kitambaa kilekile. Msomaji azitazame tena namba hizo taratibu. Kwa hesabu ya Ricardo mwenyewe, Ureno ilikuwa hodari kuliko Uingereza katika vyote viwili, hata kitambaa! Bado ushauri ni kwamba Ureno iachane na kitambaa, kwa kuwa kwenye mvinyo ndiko ilikozidi zaidi, na wote wawili watafaidika.

Hesabu ni sahihi. Nimeifanya ubaoni mwaka baada ya mwaka na sijaona kosa ndani yake. Kasoro yake ni kwamba inaishia mwaka uleule. Haisemi, baada ya miaka hamsini, nani atakuwa na mafundi wa mitambo ya kufuma na nani atakuwa na wachuma zabibu.

Tena Ureno haikuingia kwenye mpango ule kwa kushawishiwa na mchumi. Mkataba wa Methuen, wa biashara kati ya Uingereza na Ureno, ulitiwa saini mwaka 1703, Ricardo hajazaliwa. Vitambaa vya sufu vya Kiingereza vikafunguliwa mlango wa Ureno, na mvinyo wa Ureno ukaingia Uingereza kwa ushuru pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na ule wa Ufaransa. Wakati huohuo Uingereza ilikuwa inajilinda kwa nguvu zote dhidi ya mafundi wa India: sheria ya mwaka 1700 ilizuia vitambaa vya pamba vilivyonakshiwa kuingia kutoka Asia, na ile ya 1721 ikakataza watu hata kuvivaa. Soko huria lilianza kuhubiriwa kwa sauti kubwa viwanda vya nguo vya Manchester, Uingereza, vilipokuwa havina tena wa kushindana navyo. Mjerumani Friedrich List aliliona hilo mapema. Mwaka 1841 aliandika kwamba aliyekwisha kufika juu huipiga teke ngazi aliyopandia. Mwandishi wenu hakumtaja List. (Na Dodoma tuna zabibu. Angepita Hombolo akauliza ni nani anayejenga nyumba ya ghorofa, anayeuza kilo ya zabibu au anayeuza chupa ya mvinyo.)

Hizo hatua za maendeleo nazo zina mwenyewe. Ni Walt Rostow wa Marekani, mwaka 1960, aliyezipanga tano, kuanzia jamii ya jadi hadi jamii ya watu wanaonunua magari na majokofu. Ni nadharia moja kati ya nyingi, na aliiandika waziwazi kama jibu kwa wakomunisti. Kuisoma kana kwamba ni sheria ya maumbile ndiko kunakonikera.

Kabla yake, mwaka 1949, Raúl Prebisch wa Argentina alikuwa amekwisha kusema jambo lingine kabisa. Huyu hakuwa mwanaharakati wa barabarani. Aliwahi kuongoza benki kuu ya nchi yake. Yeye na Hans Singer, aliyekuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa, kila mmoja kwa njia yake walitazama takwimu za biashara za miaka mingi wakakuta kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Sababu walizotoa mkulima wa Kibaigwa hahitaji kufundishwa. Mtu akiongezwa mshahara mara mbili hatakula ugali mara mbili, atanunua simu na pikipiki. Na kiwanda kikigundua njia ya kuzalisha kwa gharama ndogo, ile nafuu hubaki kwa wenye kiwanda na wafanyakazi wao. Sisi tukipata mvua nzuri na mbegu bora, nafuu yote humwendea mnunuzi, kwa sababu tuko wengi, kila mtu ana ada ya mtoto ya kulipa, na dalali anajua. Mwalimu Nyerere aliieleza mara nyingi kwa mkonge na matrekta: trekta ni lilelile, marobota ya kulilipia yanazidi.

Si kweli kwa kila zao wala kila kipindi. China ilipokuwa inanunua kwa kasi miaka ya 2000, bei za mazao na madini zilipanda na wapinzani wa Prebisch wakacheka. Wacheke. Nchi zilizokuwa zinauza ghafi wakati huo, bei zilipogeuka, ziliendelea kuuza ghafi.

Nirudi nyumbani. Kila anayetaka kuicheka Kongwa hutaja mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuzikwa mapema 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Watu husimulia matrekta yaliyoshindwa na mibuyu, udongo uliokuwa mgumu kama saruji jua likiwaka, na mvua iliyogoma. Yote kweli. Ila swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa ni hili: je, kama ungefanikiwa, Kongwa ingepata nini? Karanga zile zilitakiwa Uingereza, ambako baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa ya mgao. Zingetoka hapa kwa reli hadi bandarini, na kwa mashamba ya mradi huohuo ya kusini ilijengwa bandari ya Mtwara. Mashine za kukamua, viwanda vya siagi ya mimea na sabuni vingekuwa ng'ambo. Kongwa ingebaki na vibarua, vumbi na stesheni. Mradi ulikuwa mbaya kwenye karatasi kabla trekta la kwanza halijashushwa, na ungekuwa mbaya hata mvua ingenyesha kila wiki. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza mambo ya namna hii katika kitabu chake cha 1972. Mwaka uliofuata Justinian Rweyemamu wetu akaongeza jambo ambalo linasahaulika: hata viwanda tulivyokuwa tunajenga baada ya uhuru vilitegemea mitambo na malighafi kutoka nje, havikushikana na mashamba yetu.

Sasa nimweleze mwandishi kinachotokea nyuma ya nyumba yangu. Alizeti inamiminwa juu ya mashine, skrubu inaibana, mafuta yanatoka chini yakiwa na povu, na mashudu yanatoka ubavuni yakiwa ya moto. Mafuta yanachujwa, yanatulizwa kwenye tangi hadi machicha yatuame, ndipo yanawekwa kwenye madumu. Gunia lililojaa vizuri, mbegu zikiwa bora, hukaribia dumu la lita 20. Zikiwa za akiba ya mwaka juzi, ni aibu. Mashudu yanachukuliwa na wafugaji wa kuku na ng'ombe, na malori ya kwenda Kenya.

Lakini kitu kikubwa zaidi kiko kwa fundi wa kuchomelea aliye mtaa wa pili. Skrubu hulika. Zamani ikilika tuliagiza Dar es Salaam, mashine ikilala wiki nzima katikati ya msimu. Kijana yule alianza kwa kujaribu kuijaza chuma na kuichonga upya; ya kwanza ilivunjika, na mteja aliyefuata akamnunia. Leo anatengenezea wakamuaji wa hapa hadi Gairo, na ujuzi uleule anautumia kwenye mashine za kusaga na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mchumi Albert Hirschman aliandika kuhusu hili mwaka 1958: kiwanda kimoja huvuta kingine, mbele na nyuma yake. Gunia linalopakiwa kwenye lori kwenda kukamuliwa kwingine halimvuti fundi yeyote. Ujuzi wa kijana yule hauna mstari katika jedwali la Ricardo.

Mwandishi atasema mawese ya Malaysia na Indonesia ni nafuu kuliko alizeti yangu. Ni nafuu. Ila awaulize Wamalaysia walifikaje. Mchikichi si mti wa kwao, asili yake ni Afrika Magharibi. Na miaka ya 1970 serikali yao iliweka ushuru kwa anayeuza nje mawese ghafi na kumsamehe anayeuza yaliyosafishwa, hadi viwanda vya kusafisha vikahamia kwao. Indonesia nayo, bei ilipopaa mwaka 2022, ilifunga mauzo ya nje ya mawese kwa wiki kadhaa ili wananchi wake wapate mafuta ya kupikia. Hakuna aliyewaambia wanalala.

Najua jibu linalonisubiri: tulijaribu miaka ya 1970 tukaishia kupanga foleni ya sabuni. Nilikuwepo kwenye foleni. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Wenzangu tuliosoma Rodney hupenda kumlaumu mzungu kwa kila kitu hadi kwenye lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, na lumbesa tunafunga wenyewe, tunawafungisha ndugu zetu. Nadharia ya utegemezi, hii ya akina Prebisch na Rodney, inajua kueleza tulivyokwama. Namna ya kuendesha kiwanda haisemi sana. Hapo nasoma Korea Kusini. Walilinda viwanda vyao kwa ushuru na mikopo nafuu, lakini aliyelindwa alipangiwa kiasi cha kuuza nje, na aliyeshindwa alinyimwa mikopo. Benki ya Dunia iliwakatalia fedha za kiwanda cha chuma cha Pohang ikisema hakitalipa; wakatumia fedha za fidia kutoka Japani, na mwaka 1973 kikaanza kutoa chuma.

Sisi tunalinda vipi? Mkulima wa hapa anapanda alizeti Desemba au Januari, kutegemea mvua. Anavuna kuanzia Mei. Bajeti inasomwa bungeni Dodoma katikati ya Juni, na ushuru mpya unaanza Julai mosi. Maana yake anapofukia mbegu ardhini hajui gunia lake litashindana na mafuta yenye ushuru gani. Anaambiwa akiwa tayari anapiga alizeti kwa fimbo juu ya turubai. Mwaka 2022/23 ushuru ulipunguzwa kumsaidia mlaji, na nia ilikuwa njema, maana bei dukani ilikuwa imetisha. Bei ya mawese duniani nayo ikashuka. Bei ya alizeti iliporomoka, na msimu uliofuata majirani zangu wengi walirudi kwenye mahindi. Mashine zikakosa cha kukamua. Hakuna mtu anayenunua chujio jipya wala kumwajiri kijana kwa sera inayoweza kugeuzwa kila Juni.

Wabunge zamani walipita Kibaigwa kwa barabara wakenda vikaoni. Siku hizi wengi wanapanda treni ya umeme, basi naomba gazeti liwafikishie. Ushuru wa mafuta ya kula upangwe kwa miaka mitano, utangazwe kabla ya mvua za Desemba, na upungue kidogo kidogo kila mwaka kwa ratiba inayojulikana. Upande wa pili wa mkataba, sisi wakamuaji tupewe masharti: mafuta yafikie viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, alizeti inunuliwe kwa mizani na si kwa debe, mkulima akopeshwe mbegu bora. Atakayeshindwa baada ya muda huo, leseni yake ifutwe. Nikiwa mimi, mashine nitaiuza.

Mwalimu mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa, Dodoma.