Heri ya Nane Nane, na Njia ya Kolo

Mbukwenyi! Heri ya Nane Nane kwa wakulima, wafugaji, wavuvi, na wageni wote mnaoshuka Dodoma kwa maonesho ya Nzuguni.

Mtama na uwele vimeshaingia ghalani, mlenda umeanikwa ukakauka, na zabibu za msimu wa pili zimeanza kuiva. Njooni na sweta: Agosti hapa ni upepo na vumbi, na alfajiri baridi inauma. Wengi huzunguka mabanda, hununua miche, kisha hao stendi. Tunawasihi mwongeze siku moja kwa ajili ya michoro ya kale ya miambani huko Kondoa. Kiangazi ndicho wakati wake. Masika yakishakolea, njia za milimani huwa tope na mawe yanateleza.

Michoro ya Miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kutoka Dodoma mjini shika barabara ya lami ya Babati, pita Kondoa mjini, usimame kijiji cha Kolo, kama kilomita 180 hivi. Ondokeni saa 12 asubuhi. Pale Kolo anzeni kwenye ofisi ya Mambo ya Kale: mnajiandikisha, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozaji. Msimkwepe kwa kubana matumizi. Mapango yametawanyika vilimani, na mengine bado ni mahali pa tambiko la mvua na uganga. Yeye ndiye ajuaye pa kuomba ruhusa kwanza. Mkikuta sadaka chini ya mwamba, msiiguse. Gari liwe la kupanda mlima, maana dogo la chini litaishia njiani, na kipande cha mwisho ni cha miguu, tena kikali. Viatu vya soli ngumu, na maji ya kutosha kila mtu.

Maji hayo ni ya kunywa! Kosa kubwa la wageni ni kunyunyizia michoro ili rangi ikolee kwenye picha. Inakolea kweli, kwa dakika chache. Lakini maji huyeyusha chumvi iliyomo ndani ya jiwe. Yakikauka, chumvi hutoka juu na kuacha utando mweupe, kisha hubandua rangi. Vidole navyo huacha mafuta, na moshi wa moto uliowashwa chini ya mwamba hugandamana usitoke.

Tazameni taratibu. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, kazi ya wawindaji: watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu. Myeupe, minene na ya haraka haraka, ilikuja baadaye na mara nyingi imepita juu ya myekundu. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliinakili mingi mwaka 1951.

Asiyeweza kufika Kolo, Chamwino ipo jirani na Dodoma mjini. Huko akina mama wa Kigogo hupiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, na wanaume hushika zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Elewaneni na kiongozi wa kikundi kuhusu malipo kabla ya simu kutoka mfukoni: kutazama ni bei moja, kurekodi ni nyingine, na fedha apewe yeye mbele ya wenzake. Mkiwatunza wachezaji mmoja mmoja katikati ya ngoma bila kuuliza, mtawaachia ugomvi wa mgao.

Mvinyo wa Dodoma uonjeni jioni, mkishashuka kilimani.