Mapezi ya Samaki Yanaoza? Pima Maji Kabla ya Kununua Dawa

Kaskazi ikishika, baina ya Desemba na Machi, simu ya duka letu la samaki wa tangini hapa Mombasa hujaa picha za mikia. Huyu ana faita mwekundu aliyebaki na mkia wa nyuzinyuzi, yule ana goldifishi mwenye ukingo mweupe kwenye kila pezi. Chini ya picha huja swali lile lile: "Muna dawa ya hii?"

Dawa tunayo, na kuuza ndiyo kazi yetu. Lakini kabla ya kuitoa kabatini tutakuuliza maji yako unayatoa wapi, na pengine utaona twakupotezea wakati. Tuvumilie kidogo.

Kuoza kwa mapezi ni kazi ya bakteria, wakiwemo wale wa jamii za Aeromonas, Pseudomonas na Flavobacterium. Hawa si wageni. Wamo ndani ya karibu kila tangi, hata lile ambalo samaki wake wanacheza vizuri. Samaki mzima ana ute mwilini unaowazuia, na kinga yake humaliza kazi iliyobaki. Akishachoka, kwa maji machafu, joto, msongamano au kung'atwa na wenzake, bakteria huanza kulila pezi kutoka ukingoni kwenda mwilini. Kwanza utaona ncha zimekuwa nyeupe kama maziwa, halafu ukingo unachanika bila mpango, mara nyingine ukiwa na weusi au wekundu. Pezi lililong'atwa tu huwa limekatika kipande na ukingo wake ni safi. Ukiwa na wale samaki wa milia waitwao taiga pamoja na faita au gapi wenye mikia mirefu, shuku meno kwanza. Ila jeraha la meno nalo laweza kugeuka kuoza, kwa hivyo mtenge mkorofi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na zile video mnazotazama.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki chini kikioza huongeza nyingine. Amonia iliyomo majini huwa ya namna mbili: moja haina madhara makubwa, ya pili ni sumu inayounguza matamvua na ngozi. Kiasi cha ile ya sumu hutegemea joto na pH, yaani kipimo cha ukali wa maji kama ni ya asidi au ya magadi. Kwenye maji ya nyuzi 20 na pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata nusu ya asilimia moja. Yapandishe mpaka nyuzi 30 na pH 8, itafika kama asilimia 7. Sisi tunaishi juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu ni mazito kwa chokaa, pH yake huwa juu, na tangi lililowekwa sebuleni mwezi wa Februari hufika nyuzi 30 bila kusaidiwa na mtu. Amonia ile ile ambayo mfugaji wa nchi ya baridi angeivumilia siku mbili tatu, hapa inamchoma samaki wako leo.

Ongeza na hili la kubadilisha chanzo cha maji kila mara. Mfereji ukikauka, mtu hununua mitungi ya mkokoteni. Mkokoteni usipopita, huchota kisimani. Wiki ijayo laja lori la maji. Kila mojawapo lina chumvi yake na pH yake, na samaki hana uwezo wa kuzoea mara moja. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria wema wa filta, wale wanaobadilisha amonia kuwa nitriti kisha nitrati. Yaweke kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikitoa mapovu, au tumia matone ya kuondoa klorini. Chagua chanzo kimoja cha maji, weka akiba kwenye pipa, na lile pipa lisiguswe na sabuni.

Bakteria wa filta hufa pia kwa njia nyingine mbili tunazokutana nazo sana. Ya kwanza ni stima kupotea saa nyingi, maji yakalala ndani ya filta bila hewa. Stima ikirudi, mwaga kwanza maji hayo ndipo uiwashe. Ya pili ni kusugua sponji chini ya mfereji mpaka itakate. Isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, ndani ya beseni, na ikibaki na rangi ya kahawia usijali.

Basi samaki ameanza kuoza mapezi, ufanye nini? Siku hiyo hiyo toa thuluthi moja hadi nusu ya maji, ukivuta kwa mpira uchafu uliolala kwenye changarawe, na urudishe maji yasiyo na klorini yenye joto sawa na ya tangi. Rudia kila siku, kwa kiasi cha robo au thuluthi, kama wiki moja. Amonia iwe sufuri, nitriti sufuri, nitrati isipite miligramu 40 kwa lita. Lisha mara moja kwa siku, chakula cha kumalizika ndani ya dakika mbili. Faita anayekaa ndani ya glasi ya maua atolewe humo. Hatapona kwenye lita moja ya maji, hata ukimtibu na nini.

Hita usiiguse. Video nyingi zinasema pandisha joto, kwa sababu aliyezitengeneza ana baridi kwake. Bakteria hawa wanapenda joto, tena maji ya moto hushika hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 maji matamu yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Kwetu sisi ni kinyume: fungua kifuniko, elekeza feni juu ya maji, washa pampu ya hewa usiku na mchana.

Chumvi husaidia kwa goldifishi, gapi na moli. Chumvi ya mawe ya Marikiti yafaa, mradi haina kitu kilichochanganywa. Anza na gramu 1 kwa lita, iliyoyeyushwa pembeni, na unaweza kufika gramu 2 siku ya pili. Kujua lita, zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Chumvi haipungui kwa mvuke, kwa hivyo ongeza ya yale maji uliyobadilisha tu. Kambale wadogo wa chini na mimea mingi hawaipendi. Na kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, tuletee tuyapime kwanza, usije ukawatia samaki kachumbari.

Dawa huja pale ambapo maji yameshanyooka na pezi bado laliwa, au kuoza kumekaribia shina la pezi. Likiliwa mpaka shinani, huenda lisiote tena. Methilini buluu, dawa ya maji yenye rangi ya samawati, tunaitoa kwa kutumia kwenye beseni la pembeni, kwa sababu ndani ya tangi itaua bakteria wa filta na kupaka rangi silikoni, ile gundi ya vioo. Ukitia dawa nyingine ndani ya tangi lenyewe, toa kaboni, ule mkaa wa kusafishia maji, kwenye filta, la sivyo itanyonya dawa yote. Wako wanaofungua kidonge cha tetrasaiklini cha binadamu wakamimina ndani. Hilo tunalipinga wazi: kwenye maji yetu ya chokaa, dawa hiyo hushikwa na kalsiamu na nguvu yake hupungua, huku filta ikiharibika. Antibayotiki twaitoa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo peke yake.

Ukiona utando mweupe wa pamba mdomoni au bato jeupe mgongoni, na samaki anahema juu juu, usisubiri wiki ya kubadilisha maji. Ugonjwa huo wa Flavobacterium kwenye joto letu waweza kuua kwa siku moja au mbili. Mtenge, kisha piga simu.

Dalili ya kupona ni ukingo mpya usio na rangi, kama plastiki nyembamba. Wengi hudhani ni ugonjwa umerudi na kuongeza dawa. Uache. Gapi huonyesha ukingo huo ndani ya wiki moja au mbili. Mkia mrefu wa faita waweza kuchukua miezi, na rangi yake isirudi vile vile.

Kupima amonia, nitriti, nitrati na pH hapa dukani ni bure, hata kama samaki hukumnunua kwetu. Leta maji ya tangi kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, ijae mpaka juu, iliyochotwa siku hiyo. Chupa ya pili iwe na maji unayojazia. Njoo na picha ya samaki iliyopigwa kwa ubavu, vipimo vya tangi, na jina la chochote ulichokwisha kumimina humo, hata kama ni dawa ya jirani. Wasio na nafasi ya kuja, fundi wetu hupita majumbani kisiwani na Nyali siku za Jumamosi, na kwa hilo kuna malipo.