Chakula cha njiani Kilimanjaro, kibanda cha Mandara hadi Kibo

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane lango la Marangu saa 2 asubuhi.

1. Wapishi watatupikia vibandani. Sisi tunachangia vya kutafuna njiani: karanga, tende, kashata, tangawizi. Sh 15,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi saa 12 jioni, kwa mweka hazina.
2. Kila mtu afiche zawadi ndogo ya kuwashtukiza wenzake kwenye kibanda cha Horombo (mita 3,720). Isizidi gramu 200, na isitajwe humu!
3. Mifuko ya plastiki hapana.

Halafu kunguru wa Horombo hawana aibu. Weka yai la kuchemsha juu ya jiwe, geuka kidogo, hulikuti.

Ukishatuma mchango andika NIPO, na useme kama kuna chakula hutumii.