Friza ya sola: Jumamosi tukutane

Asalaam aleikum wanachama. Mama karanga (wakaanga samaki) wa Likoni mlioulizia friza ya sola, jibu la muuzaji limefika: amana kwanza, kisha malipo ya kila siku kwa M-Pesa. Ukikosa kulipa, mtambo unajifunga hadi ulipe. Ni mtindo uleule wa kampuni ya M-KOPA na zile taa zao za sola. Kwa taa sawa. Kwa samaki mimi nasita: kusi likivuma mashua hazitoki, na deni la kila siku halijui kusi wala kaskazi. Afadhali tukope kupitia sacco, marejesho yafuate msimu. Jumamosi baada ya alasiri, barazani kama kawaida. Njooni na hesabu za barafu mliyonunua tangu Januari (hata zilizoandikwa kwenye maboksi, nawajua).